Unataka kusomea majengo ya kale? Kachekeche chokaa kwanza

Napata sana hizi meseji, dada nimemaliza fomu six, nataka akiolojia ya majengo (kusoma historia ya jengo kwenye kuta zake), inalipa? Inalipa kidogo, tena inachelewa. Ila kama bado upo, kaa nikwambie yaliyonikuta.

Masta yangu niliifanyia nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja. Nikapima kila chumba, nikachora pleni safi kabisa, nikaandika kwamba nyumba imejengwa kwa mkupuo mmoja, msimamizi akapitisha. Siku moja fundi chokaa mmoja, mtu mzima, akaniita, "mwanangu hebu njoo". Akakwangua plasta pembeni ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa ncha ya mwiko mpaka mawe yakatokea, na katikati yake mstari umenyooka toka chini hadi juu. "Ukuta huu haujaumana na mwenzake, umeegemea tu. Umekuja baadae." Nikamulika na simu, nikaona plasta ya ukuta wa zamani inaendelea nyuma ya ule mpya, nyeupe peee, maana yake kuna zama ule ukuta wa zamani ulikuwa wazi watu wanauona. Sura yangu ya tatu, ile ya mkupuo mmoja, ikafa pale pale.

Sasa mimi nilikuwa na digrii na laptopu na nilikuwa nimepita pale mara ishirini. Kwa hiyo kabla hujaomba skolaship ya PhD, tafuta saiti ya ukarabati ukabebe ndoo, uone chokaa inavyozimwa kwa maji na kuachwa iive, ushike jiwe la matumbawe ujue linavyonyonya maji. Hapo utaelewa kwa nini saruji iliyopakwa juu ya ukuta wa zamani inafungia unyevu ndani mpaka plasta inabanduka vipande vipande, hata prezentesheni haina haja.

Na zoea kuangalia juu. Nyumba za mawe za pwani yetu, iwe Lamu au Unguja, vyumba vyake virefu halafu vyembamba, upana kama mita 2 na nusu hadi 3 hivi, sababu boriti ya mkoko haiendi mbali zaidi ya hapo. Ukikuta chumba kipana kuliko hivyo, simama ujiulize dari inabebwa na nini, na nani kaibadilisha.

Upande wa ajira nisikudanganye. Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wanafundisha akiolojia, Chuo Kikuu Ardhi wanafundisha usanifu majengo, wewe uko katikati, na katikati hakuna kiti. Niliwahi kuingia intavyuu sehemu moja nikaambiwa mimi ni mchora ramani, miezi michache baadae sehemu nyingine wakasema wanataka msanifu majengo, mimi mchimbaji. Nililia kwenye daladala, sioni haya kusema. Kilichonisaidia ni kuchagua upande mmoja kwenye vyeti na mwingine nikaushika kwa kazi za mikono, michoro ninayo, picha ninazo, mtu akiuliza namfungulia faili. Pesa za utafiti nyingi zinatoka nje na zinakuja na maswali yao, jifunze kuingiza na swali lako humo humo. Na kibali cha utafiti omba mapema mno, kumbuka Zanzibar ina utaratibu wake na bara wana wao, nilipoteza msimu mzima kwa kutojua hilo.

Ukiulizwa na mjomba hiyo kazi ina faida gani, mkumbushe Beit al-Ajaib. Jumba la Sultani Barghash, la 1883, tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ukaporomoka ukarabati ukiwa unaendelea, na watu 2 wakafariki. Ukuta ukishalala chini, ulichobaki nacho ni vipimo alivyochukua mtu kabla, kama alichukua.

Yule fundi bado yupo. Mwaka jana nilimpelekea wanafunzi 4, akawapa chekecheo, wakachekecha chokaa kutwa nzima hajawaonyesha hata ukuta mmoja. Mmoja aliondoka saa sita mchana, akasema anaenda kununua vocha.