Usifuate jina kubwa la mbele ya kava, mfuate mpiga besi

Kila nikikaa na vijana wa hapa Unguja walioanza kuipenda jazz kupitia YouTube suali ni lile lile, ninunue santuri gani mwanzo, na wengi wanakuja na orodha washaisoma mahali, Miles Davis wa tarumbeta, John Coltrane wa saksafoni, tena Miles, tena Coltrane, basi. Si orodha mbaya. Ila mie nakusanya santuri miaka mingi sasa na njia iliyonifunza zaidi ya orodha zote ni hii: geuza kava, soma yale majina madogo ya nyuma, mtafute aliyepiga besi, halafu mfuate anakokwenda.

Chukua Kind of Blue, ile ya 1959 ambayo kila mtu anayo au anaitaka. Mbele ni Miles Davis. Nyuma unawakuta Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni, Bill Evans kwenye piano, Jimmy Cobb kwenye dramu, Wynton Kelly ambaye kapiga piano wimbo mmoja tu, na besi ni Paul Chambers. Ile besi inayofungua wimbo wa So What, inatoa maneno na wenzake wanaitikia (na hapo mtu aliyekulia kwenye taarab hahitaji kufunzwa, keshajua mwimbaji anatoa na kibwagizo kinapokea), huyo ndo yeye. Siku ya pili ya kurekodi ilikuwa 22 Aprili 1959, na siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 24. Kijana! Sasa ukimfuata huyu mtu mmoja unafika kwa Sonny Rollins kwenye Tenor Madness ya 1956, unafika kwa Coltrane kwenye Blue Train ya 1957 na baadae Giant Steps, unafika kwa Art Pepper kule California, unafika kwa Oliver Nelson na The Blues and the Abstract Truth ya 1961, na zote hizo ni santuri nzuri, hakuna hata moja ya kujutia. Kafariki Januari 1969 ana miaka 33 tu, inauma, lakini alichokiacha kinatosha mtu kuanzia kabati zima.

Lakini mpiga besi ninayempenda mie kuliko wote, na kwa mtu wa Zanzibar naona ndo wa kuanza naye, ni Ahmed Abdul-Malik. Mtu wa Brooklyn, Muislamu, kazaliwa 1927. Miaka ya 1957 na 1958 alikuwa na mpiga piano Thelonious Monk. Ukiipata ile ya Monk na Coltrane ukumbi wa Carnegie Hall, Novemba 1957, besi ni yeye, na ile kanda ilikaa Maktaba ya Bunge la Marekani bila mtu kushughulika nayo mpaka 2005 ndo ikaonekana na kampuni ya Blue Note ikaitoa mwaka huo huo, yaani miaka 48 imelala. Isikilize kwa besi tu mara ya kwanza. Monk anaruka, anasita, anaacha nafasi pale usipotegemea, na Abdul-Malik hatetereki wala hambani mwenzake.

Na huyu bwana alikuwa anapiga udi. 1958 kampuni ya Riverside ikamtolea Jazz Sahara, na ukisoma nyuma ya kava utakuta udi, kanuni, fidla, dumbak, dufu, na humo humo ndani Johnny Griffin na saksafoni yake. Yakhe, hiyo ni safu ile ile unayoiona taarab yetu, Nadi Ikhwan Safaa wakikaa jukwaani, na wao wapo tangu 1905, na Culture Musical Club wameanza mwaka huo huo wa 1958! Kwahivo wakati wazee wetu wanakusanyika hapa na fidla zao kuna mtu New York kakaa na vyombo vile vile na mpiga saksafoni wa Chicago, na sidhani kama kuna upande uliokuwa na khabari ya mwenzake. Wako wanaosema ile santuri ni jazz iliyotiwa rangi ya Kiarabu kwa juu. Sikubaliani kabisa. Hamna piano mule, hamna kodi (zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazobadilika badilika chini ya Griffin, maqam, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu, inakaa pale pale na yeye ndo inambidi aingie kwa wenye kanuni na fidla, na kuna pahala unamsikia anatafuta mlango, halafu anaupata. Hizo dakika mie siwezi kuzichoka. Iliyofuata, East Meets West, ina Lee Morgan kwenye tarumbeta, nzuri pia, ila ya kwanza ndo ya kuitafuta.

Baada ya hapo nenda kwa mpiga piano Randy Weston, Uhuru Afrika, iliyorekodiwa Novemba 1960. Mshairi Langston Hughes kaandika maneno, Melba Liston kapanga muziki, na mwanzo kabisa unasikia Kiswahili, anazungumza Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika, kabla hata ya uhuru wa Tanganyika wenyewe. Serikali ya makaburu ikaipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964, na ukiisikiliza unaelewa kwa nini. Kwangu hii ni santuri kubwa kuliko Mwandishi ya Herbie Hancock ya 1971, ingawa wengi watabisha. Kwenye Mwandishi wapigaji wa bendi walitumia majina ya Kiswahili, Herbie ndo Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, na kweli alikuwa daktari. Naipenda, wimbo wa kwanza unakwenda kwa hesabu ya mapigo 15 na mwili unaufuata kabla ya akili. Lakini ni muziki wa kukaa nao taratibu, usiununue mwanzo ukaja kusema jazz ina kelele.

Na muuzaji akikwambia anazo jazz, muulize jazz gani, maana kwetu Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz ni magitaa na rumba. Zinunue, tena kwa haraka, zile ndogo za kasi ya mizunguko 45 kwa dakika zinapotea kila mwaka. Weka tu akilini kwamba ni kabati jengine.

Sasa tuje kwenye pesa. Watu wanababaishwa sana na chapa ya kwanza, yaani nakala zilizochapwa santuri ilipotoka mara ya mwanzo. Blue Note za asili wanazitambua kwa alama ndogo iliyochongwa pale patupu karibu na lebo, P ya mkono inayofanana na sikio, alama ya kiwanda cha Plastylite kilichowachapia mpaka 1966, na wanatafuta pia jina la fundi wao wa kurekodi, Rudy Van Gelder, limegongwa pale. Sawa, ni raha kuijua. Ila chapa ya kwanza iliyokwaruzika utaisikia inakwaruza, na chapa ya Kijapani ya miaka ya 1970 au 80 kwa bei ndogo sana itakupa muziki wenyewe, kimya, safi. Mie nachukua ya Kijapani bila kufikiri mara mbili. Tena wakati mwengine toleo la zamani ndo lenye kasoro, Kind of Blue upande wa kwanza mashine ya kurekodi ilikwenda polepole siku ya kwanza ya kurekodi, kwahivo kwenye santuri muziki unatoka juu kidogo kuliko walivyopiga, na hawakurekebisha mpaka 1992. Kama unapiga udi na unataka kufuatisha utaona nyuzi hazikubaliani na santuri, udi wako hauna tatizo, tafuta toleo lililorekebishwa.

Ukienda kununua, iwe Kariakoo au Nairobi soko la Kenyatta au kwa wale wenye vitu vya kale hapa Mji Mkongwe, toa santuri nje ya kava kila mara, washa taa ya simu, ilaze kwa mshazari uone mistari. Mkwaruzo mwepesi wa juu juu usikutishe, pitisha kucha, kucha ikikwama acha. Tazama na tundu la katikati, pakiwa na michirizi mingi kuizunguka basi imepigwa sana. Iangalie ubavuni kama imepinda, jua la hapa halina huruma, santuri ikisahauliwa garini mchana mmoja imekwisha.

Adui mkubwa zaidi hapa kwetu lakini ni unyevu. Nyumba za mawe kuta zinavuta maji na chumvi, masika ikiingia unaona wenyewe, na kabati likigusa ukuta kava zinaota ukungu ndani ya wiki chache. Liweke mbali na ukuta, hewa ipite nyuma, santuri zisimame wima wala zisilazwe moja juu ya moja, na zile karatasi za plastiki za kubana kabisa mie sizipendi kwa sababu zinafungia unyevu ndani. Ukungu ukishaingia kwenye mistari osha kwa maji yaliyokenekwa (distilled) na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mzunguko, usiroweshe lebo. Maji ya bomba yanaacha chumvi. Na zile pleya ndogo za kama mkoba zinazouzwa mitandaoni, jamani, mkono wake unakandamiza mno, pleya nzuri iliyotumika ambayo unaweza kuipima sindano ikae kama gramu 2 itakulindia santuri zako.

Haya yote ni ya santuri za plastiki. Santuri za zamani za kasi ya 78, zile nzito zinazovunjika, ni mambo mengine kabisa. Zimetengenezwa kwa gundi inayotolewa na wadudu ikachanganywa na unga wa mawe, na spiriti inaiyeyusha ile gundi, kwahivo USITIE SPIRITI, wala manukato, wala dawa ya kusafishia vioo. Sindano yake pia ni nyengine, ncha yake ni pana kama mara tatu ya ile ya santuri za plastiki. Nasisitiza hili kwa sababu za namna hii bado zimo majumbani mwetu. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi na kampuni ya HMV, yeye na kina Mbaruk, Subeti, Budda bin Mwendo na Maalim Shaaban, na wajukuu wengine hawajui kilichomo kwenye sanduku la bibi. Ukiambiwa liko sanduku kwa mtu Malindi ya hapa mjini, au Wete, au Chake kule Pemba, usiende na bei mfukoni. Nenda na salamu, kaa, kunywa chai, waache wakuhadithie nani alikuwa anazipiga na wakati gani, halafu omba uzirekodi tu na uzirudishe siku uliyoahidi. Wakitaka kuuza watasema wenyewe. Na ukishapewa usitafute jina la Siti peke yake, soma kila lebo, ukiona Mbaruk au Subeti au Maalim Shaaban iweke pembeni na uisikilize pande zote mbili kabla ya nyengine yoyote.