Bando limekwisha, mbona pesa zinakwenda?

SWALI: Ndugu Mhariri, bando la intaneti likiniishia, WhatsApp hukoma papo hapo, lakini menyu ya kutuma pesa hufunguka kama kawaida, hata kwenye kitochi cha mama. Pesa hizo hupita njia gani? Tena juzi menyu ilikatika mara tu nilipoweka namba ya siri. Nikarudia, kumbe muamala wa kwanza ulikuwa umekwisha kupita.
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Ndugu msomaji, simu yako huwasiliana na mnara hata ikiwa imetulia mfukoni. Ili mtu anayekupigia akupate, mtandao hauna budi kujua uko eneo gani, na kwa sababu hiyo simu na mnara hupeana ishara fupi za uendeshaji kupitia njia iliyotengwa, ambayo si ile ya data unayoinunua kwa megabaiti. Njia hiyo nyembamba ndiyo iliyobeba ujumbe mfupi wa herufi 160, na ndiyo inayobeba menyu ya nyota na reli, iitwayo USSD, ambayo kila ukurasa wake hauzidi herufi 182. Ndiyo maana menyu hizo zimejaa maneno ya mkato na hazina picha hata moja. Pesa zenyewe hazipiti hewani: kinachosafiri ni agizo tu, na salio hubadilishwa ndani ya kompyuta za kampuni.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya simu, na maagizo yakasafiri kama ujumbe mfupi. Kwa maoni yangu, kutoitegemea intaneti kulisaidia kuieneza huduma hiyo kuliko matangazo yote ya redioni.

Sasa kuhusu kukatika. Ujumbe mfupi huhifadhiwa kituoni hadi simu ya mpokeaji ipatikane, lakini USSD ni mazungumzo ya papo kwa papo, yakikatika hayaendelezwi. Kwa upande wako, agizo lilikwisha kufika. Kilichopotelea njiani ni jibu. Siku nyingine, kabla ya kurudia, angalia kwanza salio. Kwa pesa zilizokwenda mara mbili, piga simu huduma kwa wateja mapema, kwani mpokeaji akishazitoa kwa wakala, itakubidi umbembeleze yeye mwenyewe.