Dakika 30 za kueleza faharasa ya hifadhidata: uchimbe hadi wapi?

Ndugu, umesema umepewa dakika 30 kwenye kongamano la waprogramu hapa Kisumu uzungumzie kasi ya hifadhidata, na una hofu mbili: ukirahisisha, mafundi wakongwe watakuona mtupu, ukichimba, wanafunzi watapotea. Mimi niliwahi kuwapoteza.

Mara ya kwanza ilikuwa ukumbi mmoja huku Milimani. Nilikuja na slaidi 46 juu ya faharasa (index), ile orodha iliyopangwa inayoisaidia hifadhidata kupata rekodi haraka: mti wa B, yaani muundo wa ndani wa faharasa nyingi, nodi (vifungu vya mti huo) zinavyogawanyika zikijaa, ukubwa wa kurasa za diski. Yote sahihi. Nilipomaliza, binti aliyekuwa ameketi nyuma kabisa alinifuata mlangoni, daftari mkononi, akaniuliza kwa adabu, "Sasa mwalimu, hiyo faharasa naiweka kwenye safu gani ya jedwali?" Daftarini alikuwa ameandika kichwa, tarehe na mistari miwili. Swali lake ndilo lililokuwa somo lenyewe, nami sikuligusa.

Siku hizi naanza kwa kuandika swali moja ambalo msikilizaji ataweza kulijibu mwenyewe akirudi kwenye kompyuta yake. Undani usiosaidia kulijibu naukata, hata kama niliusomea wiki nzima. Kuziacha zile nodi kuliniuma kweli.

Mara ya pili nilianza na rejista ya majina milioni moja. Mtafute Odhiambo: yasipopangwa, huenda ukayapitia yote. Yakipangwa kwa alfabeti, unafungua katikati, unatupa nusu, unafungua katikati tena. Ukumbi ulihesabu nami kwa sauti, laki tano, laki mbili na nusu, mpaka tukafika hatua ya 20 na jina likabaki moja.

Baada ya hapo nikachimba, maana kufundisha si kukaa juu juu. Rejista imepangwa kwa jina, kisha mtaa. Haya, nitolee wote wanaokaa Kondele! Kimya. Wametawanyika kuanzia Achieng hadi Wafula, na ndiyo sababu faharasa ya jina na mtaa haikufai sana ukitafuta kwa mtaa pekee. Nikaendesha utafutaji huo wa mtaa kwa EXPLAIN, amri inayoonyesha mpango wa utafutaji, kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, mbele yao, ikaonyesha Seq Scan, yaani jedwali zima linasomwa. Nikaunda faharasa ya mtaa, nikarudia amri ileile, mpango ukabadilika machoni pao.

Na wale wakongwe uliowaogopa? Ndio waliouliza zaidi, hasa juu ya gharama ya kuandika, kwa kuwa kila rekodi mpya lazima iingizwe pia katika kila faharasa ya jedwali hilo. Mti wa B nafasi yake ni hapo kwenye maswali. Slaidi zake ziweke mwisho kabisa, uzifungue ukiulizwa.

Herufi ziwe kubwa, projekta nyingi hufifia mchana. Hifadhidata ya mfano iwe kwenye kompyuta yako, usitegemee intaneti ya ukumbi.

Andika hilo swali lako moja ulilete hapa kabla hujagusa slaidi, tuliangalie pamoja.