Maswali na Majibu: Mnaniuliza Mfalme, Nawaonyesha Mfereji

Mfalme wa Mohenjo-daro aliitwa nani, na ikulu yake ilikuwa wapi?

Mohenjo-daro ni mji wa kale wa Bonde la Indus, katika Pakistan ya leo. Hakuna jina la mfalme lililopatikana huko, wala jengo ambalo wachimbaji wamekubaliana kuwa ni ikulu. Ile sanamu ya mwanamume mwenye ndevu, yenye kimo cha sentimita 17.5, waliibatiza wachimbaji wenyewe "Kuhani Mfalme". Tumezoeshwa shuleni kwamba pasipo piramidi hapana ustaarabu, ndiyo maana swali hili halikomi.

Haya, tazameni walichokuwa nacho watu wa Bonde la Indus kati ya mwaka 2600 na 1900 KK. Nyumba nyingi za Mohenjo-daro zilikuwa na mahali pa kuogea palipotandikwa matofali ya kuchoma, sakafu imeinamishwa ili maji yasituame. Maji yalitoka hadi kwenye mfereji wa mtaani uliofunikwa, na njiani palikuwa na mashimo ya kunasia taka, yanayoweza kufunuliwa na kuzolewa. Visima vya mji vinakadiriwa kufika 700. Tofali lao lilikuwa na urefu mara mbili ya upana, na upana mara mbili ya kimo; ukienda Harappa, mji mwingine wa Bonde la Indus, karibu kilomita 600 kutoka hapo, unakuta uwiano uleule. Mfereji haujizibui. Kuna watu waliopanga, waliosimamia na waliozoa, kizazi baada ya kizazi. Kwangu mimi, mfereji unaopita mlangoni kwa mtu asiye na cheo una fahari kuliko kaburi la mtu mmoja. Aliyewahi kuishi mtaa unaofurika maji ya choo kila masika atanielewa.

Ni kweli mji huo uliteketezwa kwa bomu la nyuklia?

Si kweli. Nimeshajibu, na sitajibu tena.

Lile Bwawa Kuu la Mohenjo-daro lilikuwa la kuogelea?

Lina urefu wa mita 12 hivi na kina cha mita 2.4, na lilipakwa lami lisivuje. Watafiti wengi wanaliona kuwa la kujitakasa kidini.

Walikula nini na kuvaa nini?

Ngano, shayiri, njegere, ufuta, samaki na nyama. Walivaa pamba, na ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuisokota. Walifuga ng'ombe wa nundu, ambaye anaonekana kwenye mihuri yao. Damu ya ng'ombe huyo imo katika mifugo yetu ya Afrika Mashariki hadi leo. Mtama, uwele na ulezi navyo vilisafiri kutoka Afrika hadi India katika milenia ya pili KK. Anayesema Bahari ya Hindi ilianza kuvukwa na Wareno asome upya.

Nimeona video ya mtu anayesoma maandishi ya Indus. Nimwamini?

Usimwamini. Maandishi hayo hayajasomwa. Mengi ni mafupi, wastani wa alama tano hivi, na hakuna jiwe lenye maneno yaleyale kwa lugha tunayoijua. Januari 2025 serikali ya jimbo la Tamil Nadu ilitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeyafumbua. Mwalimu, tafadhali usiwaonyeshe watoto video hiyo kama somo. Waonyeshe mawe yao ya mizani: ya mchemraba, yamechongwa kwa usahihi, na madogo yakiongezeka maradufu, moja, mbili, nne, nane.

Kwa nini Harappa imebaki vifusi kuliko Mohenjo-daro?

Kwa sababu iliibiwa mchana kweupe. Katika miaka ya 1850 wajenzi wa reli ya Lahore hadi Multan, chini ya utawala wa Waingereza, waliyachukua matofali yake kuwa kokoto za njia. Yalitosha takriban kilomita 160. Daya Ram Sahni alipoanza kuchimba hapo mwaka 1921, alichimba mabaki ya mabaki.

Mohenjo-daro ilinusurika reli, lakini sasa chumvi inayopanda na maji ya ardhini inazimomonyoa kuta zake, na mafuriko ya mwaka 2022 yaliziharibu zaidi. Nanyi wa pwani mnaong'oa mawe ya magofu kujengea uzio, acheni.