Sensa ya bakteria kwa maji ya kisima, ninunue ama niache?
Dadangu, hiyo sensa, yaani kile kifaa cha kutambua bakteria, unayotaka kununua ya kisima cha hapo Kisauni, ngoja kwanza. Kufanya kazi yafanya, ina kingamwili inayoshika E. coli, bakteria wa kinyesi, halafu inatoa ishara, lakini WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka sifuri kwa mililita 100 na sensa nyingi zapima matone tu, kwa hivyo isipoona kitu usidhani maji ni safi. Bora upeleke sampuli maabara, chupa uchukue hukohuko, uibebe kwa barafu, majibu ni kama saa 24 hivi. Na choo kiko umbali gani na kisima? Mawe yetu haya ya matumbawe yanapitisha uchafu upesi sana, hilo ndo lanitia wasiwasi. Watoto wachemshie maji tangu leo, yatokote kabisa.