Uje Ujerumani au usije, nakujibu mbele ya wote

Asalaam alaykum. Mdogo wangu umeniuliza kwenye grupu la familia na mie nakujibu humu humu. Umesema umepata nafasi ya kusomea unesi huku Sachsen, jimbo la mashariki ya Ujerumani, miaka mitatu unasoma na mshahara unapata, lakini bi mkubwa hataki hata kusikia kwa sababu kuna mtu kamrushia ile habari ya Wajerumani wanaotaka kujitenga waanzishe nchi yao. Na ami akamalizia kuwa hao wana yao kama sie tulivyo na ya Muungano wetu, wewe nenda kasome. Ami nisamehe, nakuheshimu sana ila hapo umekosea na nitasema kwa nini.

Mie nakaa Leipzig mtaa wa Grünau, mwaka wa sita huu, kazi yangu kuhudumia wazee. Ukishuka kwenye tramu hapa kwangu unaweza ukadhani upo Michenzani, majumba ya zege yamepangana marefu hivyo hivyo, na si ajabu maana Wajerumani hawa hawa wa Mashariki ndio waliotusaidia kujenga baada ya Mapinduzi, watu wazima wa Kikwajuni wanalijua hilo.

Habari aliyorushiwa bi mkubwa ni ya kweli. Tarehe 5 Novemba 2024 polisi walikamata watu wanane, wengi vijana wadogo tu wa miaka ya ishirini na kidogo, mmoja wao alikamatiwa Poland. Kikundi chao kinaitwa Sächsische Separatisten, yaani wanaotaka kuitenga Sachsen, na waendesha mashtaka wanasema wako kama kumi na tano mpaka ishirini. Wanatuhumiwa kuwa walikuwa wanafanya mazoezi ya kivita, kupigana nyumba kwa nyumba, kutembea usiku msituni, wakisubiri siku wanayoiita Siku X ambayo serikali itaanguka, ikianguka tu wao wanachukua Sachsen kwa bunduki na kusimamisha dola ya Kinazi, na wasiotakiwa wote waondolewe kwa nguvu. Mmoja wao alikuwa diwani wa AfD, chama cha siasa kali kinachopinga wahamiaji, hapo mji wa Grimma, si mbali na kwangu.

Sasa ami, kwetu watu wanagombana serikali mbili au tatu, au mkataba, mafuta ya nani, kodi inakwenda wapi, na kila mtu ana upande wake tokea 1964 mpaka leo na mimi wangu ninao pia. Lakini hayo ni magomvi ya nani anaamua nini. Hawa wa huku ugomvi wao si kuwa serikali kuu ya Berlin inawaonea, wao shida yao ni mimi, ni ngozi yangu na hili buibui langu, Sachsen wanayoitaka ni ya damu moja, na mwanao akija kusoma unesi ndio huyo huyo wanaetaka asiwepo. Kwa hiyo usiseme hayatuhusu.

Na tusijisafishe vile vile. Mie nilipokwenda skuli Unguja kutoka Wete neno "Mpemba" niliambiwa kama tusi, na barazani kwetu nimesikia watu wakiwaita wa bara machogo na kila mtu akacheka, mie pia nilicheka. Nilipokuja huku nikaitwa jina la aina hiyo ndio nikajua linavyoingia.

Watu wa kuwaza mambo kama haya hawako nane tu. Kuna chama kinaitwa Freie Sachsen, kilianzishwa 2021 watu wamechoka na mambo ya korona, wana neno lao Säxit wameliiga kwenye Brexit, ile ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, wanataka Sachsen ijitoe. Uchaguzi wa jimbo wa 2024 walipata kama asilimia 2 tu, lakini stika zao za kijani na nyeupe zipo kwenye nguzo ya kituo changu cha tramu, naikwangua moja kwa ufunguo asubuhi nikisubiri tramu, keshokutwa ipo nyengine. AfD ndio wakubwa, uchaguzi huo huo walipata zaidi ya asilimia 30, hapo si watu wa msituni tena, hao ni majirani.

Halafu kuna wale Reichsbürger, wanasema Ujerumani ya sasa si dola halali ni kampuni tu, wengine wanajichapishia pasipoti zao wenyewe. Usalama wa huku mwaka 2023 walikadiria wako kama 25,000. Disemba 2022 walikamatwa 25 kwa mpigo kwa tuhuma za kupanga kupindua serikali, polisi kama 3,000 walitoka siku hiyo, na mkubwa wao anaetuhumiwa ni mtu wa ukoo wa kifalme wa zamani, mwengine alikuwa jaji na mbunge wa zamani wa AfD. Mmoja wa imani hii namjua kwa uso. Ni mtoto wa bibi mmoja niliekuwa nikimuogesha kazini, faini za maegesho halipi anasema hakuna serikali ya kumtoza. Siku moja akaja akamwambia msimamizi hataki mama yake aguswe na mtu mweusi. Msimamizi akaniita ofisini akanambia nihamie ghorofa ya juu ili pawe na amani. Nikahamishwa mie, si yeye aliekatazwa. Yule bibi kwa wiki mbili akawa anauliza yule mwenye kitambaa yuko wapi, hataki kuvuliwa soksi na mtu mwengine, maana miguu yake inauma na mie nilikuwa naikunja soksi mpaka mwisho kwanza ndio naivuta taratibu kwenye kisigino. Nililia kwenye chumba cha mashuka.

Wamefikaje hapa, nimewasikiliza sana wazee hawa. Ujerumani zilikuwa mbili, Mashariki na Magharibi, zilipoungana 1990 viwanda vya Mashariki vikafungwa kimoja baada ya chengine, vijana wakahamia Magharibi, vijijini daktari hakuna na basi linapita mara mbili kwa siku. Uchungu wao naujua, lakini kiwanda chao hakikufungwa na mimi.

Bi mkubwa nae hofu yake si ya bure. Mwaka 2009 hapo Dresden, ndani ya mahakama, mama wa Kimisri Marwa El-Sherbini alichomwa kisu mpaka akafa mbele ya mtoto wake wa miaka mitatu, na alikuwa mjamzito, kisa alimshtaki mtu aliemwita gaidi kwa hijabu yake. Kila nikipita Dresden namsomea Fatiha.

Lakini Januari 2024 ilipotoka habari kuwa baadhi ya watu wa AfD na wenzao walikaa Potsdam kupanga kutufukuza, hapa Leipzig walitoka watu makumi ya maelfu barabarani kuwapinga, baridi imekamata, na mie nikatoka na shifti na viatu vya kazi nikasimama nao.

Kwa hiyo uje, mie sikukatazi. Ila usikubali mji wowote tu ilimradi mkataba, maana Leipzig ni mbali na kimji cha milimani ambacho wewe utakuwa mweusi peke yako na basi la mwisho saa kumi na mbili jioni. Kijerumani anza huko huko usisubiri kufika. Ukitukanwa andika tarehe, saa, maneno na nani alikuwepo, mimi siku ile sikuandika. Nitumie ukurasa wa mkataba wenye jina la mji na hospitali leo usiku, usisaini kwanza, Jumapili sina kazi nitapanda treni nende nikapaone mwenyewe.