Kila nikiuliza najibiwa ndiyo

SWALI: Shangazi shikamoo, nina mashua ya kuzungusha wageni hapa Lamu natafuta nahodha, nimeita vijana wanne nikawauliza bahari mwaijua? kusi, ule upepo mkali wa kusini, mwaliweza? wote ndiyo tu, sasa wa kweli nitamjuaje? Msomaji, Shela

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako limebeba jibu, nani akatae kazi! Muulize mara ya mwisho kusi lilipomkuta nje alifanya nini, kisha nyamaza usimmalizie maneno (najua ulimi utawasha). Aliyeyaona atakwambia tanga alilikunja wapi na nani alikuwa anachota maji, wa porojo atasema "huwa tunakuwa makini". Wote wanne waulize yaleyale, la sivyo utamchukua mcheshi. Halafu twende chomboni, mpe kamba, wewe tizama mikono tu.